Nilipopiga Hodi Kwenye Simu

Siku hiyo naikumbuka kama jana, mwanangu. Nilikuwa msichana mdogo kule kwetu magharibi, nikaingia mbio nyumba ya jirani kuomba chumvi kwa sababu mlango ulikuwa wazi. Nyanya yangu akaniona, akanirudisha mpaka nje ya boma. "Mlango kuwa wazi si kuitwa," akasema. "Piga hodi, usimame, ungoje." Nikasimama juani mpaka nikajibiwa. Wacha nikuambie, nilimchukia sana nyanya siku hiyo.

Sasa mimi ni mjane, naishi mtaa wa Kabiro, hapa Kawangware, Nairobi. Cherehani nimeifunika, macho yamekataa kuona tundu la sindano. Tangu tumzike mzee wangu, siku nzima ilikuwa ikiisha bila mtu kutaja jina langu. Ploti yetu, vyumba vya kupanga mlango kwa mlango, imejaa watu, lakini kila mtu na hamsini zake. Nilianza kuongea na sufuria, na sioni haya kukuambia.

Kijana wangu akaniingiza kwenye ule mtandao mkubwa, dunia nzima imo. Nikaweka picha ya gauni nililoshona zamani. Uuwi! Watu nisiowajua walinicheka mpaka nikazima simu. Debe tupu haliachi kuvuma, na huko madebe ni mengi.

Atieno, msusi wa mlango wa pili, ndiye aliyenionyesha mtandao mwingine, mdogo, wa watu wanaopanda mboga kwenye magunia. Nami nina gunia langu la sukuma hapo nje. "Shosho, hawa ni wapoa," akaniambia, maana ndivyo vijana wa hapa wanavyomwita nyanya. "Jaribu tu."

Nikaandika neno moja: Hodi. Kisha nikaweka simu mezani nikangoja waniite, maana nilidhani karibu yao italia kama simu inavyolia. Ningeingiaje kwa watu kabla ya kujibiwa? Siku mbili, kimya. Nikajua hata hawa hawanitaki, nikalia kama mtoto.

Atieno aliposikia alicheka akashika mbavu. "Shosho! Huko hakuna hodi, unaingia tu!" Akaifungua simu, halafu akaacha kucheka. Akanisomea polepole majibu yaliyokuwa yakiningoja. Karibu mama. Karibu, kiti kipo. Mmoja aliandika kwamba tangu aje Nairobi hajawahi kupigiwa hodi. Na Mama Akinyi, mkulima wa magunia huko Kibera, alikuwa amerudi mara tatu kuuliza: "Yule aliyepiga hodi yuko wapi? Jamani, tumemwacha nje?"

Mwanangu, nilimwomba Atieno anisomee tena. Watu ambao hawajawahi kuniona walikuwa wananitafuta! Kuishi kwingi ni kuona mengi, lakini hili sikulitarajia kabisa. Nikaandika, "Nipo." Mama Akinyi akajibu papo hapo, "Umekula?" Hilo swali sikuwa nimeulizwa tangu matanga. Nikakaa chini, nikamshukuru Mungu kwa sauti, Atieno naye akajifuta macho akisingizia moshi wa jiko.

Basi sikiliza. Usikimbilie palipo na umati ukidhani ndipo penye marafiki. Tafuta pale padogo ambapo ukikosekana utajulikana. Uende na adabu yako uliyolelewa nayo, hata wakikucheka kwanza, maana mwacha mila ni mtumwa. Na usiseme umezeeka, umechelewa. Mimi nimepata marafiki nikiwa sina hata meno yote.

Mungu akutunze, mwanangu, akupe miaka mingi. Na siku utakayonyamaza, asikose mtu mmoja wa kuuliza uko wapi.