Nilivyofunika Simu ya Dada Siku ya Kilio cha Mama

Nitawaambia ukweli ingawa uso bado unaniwaka: mwaka 2015, katika kilio cha mama yangu hapa Louisville, niliuonea wivu mji ambao sijawahi kuukanyaga.

Dada yangu Jeanne anaishi Uingereza, katika mji mdogo wa soko, na kwa kuwa hakupata njia ya kuja, tuliweka simu yangu katikati ya sebule, sauti juu, alie pamoja nasi (ndivyo tunavyolia sasa, tumetawanyika). Bon, alilia kidogo, halafu jirani yetu Mzee Bahati akamwuliza habari za huko, na hapo kilio kikageuka darasa: mfalme wa zamani aliwapa wenyeji ruhusa ya kuuza kondoo kila Alhamisi, kanisa lilijengwa kwa mali ya biashara ya sufu, saa ya mnara inachelewa dakika tano na hakuna anayetaka itengenezwe, muuza viazi anamwita kila mtu “mpenzi.” Watu wote wakaiinamia simu. Mimi niliyemwogesha mama miaka mitatu, hakuna aliyeniangalia. Hata mama mwenyewe, alipokuwa hai, kila Alhamisi aliacha chakula changu kipoe akingoja Jeanne apige simu na hadithi za soko hilo.

Nikachukua mto wa kochi, nikaifunika simu. “Réseau imekatika,” nikasema, kana kwamba mtandao ndio uliotuangusha.

Ningenyamaza hapo. Lakini Mzee Bahati akasikitika, “Aa, ile muji ni muzuri!” nami nikalipuka: “Mzuri gani? Kamji ka meza kumi za viazi! Na huyo Jeanne anajua kuhadithia tu, kumwogesha mama hajui!”

Mto ukajibu, ukiniita kwa jina langu: “Mama Riziki, niko nakusikia.”

Mke wa Mzee Bahati akaficha kicheko ndani ya kitenge. Nikauinua mto.

“Donc, sikia,” dada akasema polepole. “Mimi nilimupa mama soko juu sikuwa na kitu kingine cha kumupa. Yeye alikuwa ananijibu na habari yako: leo amenipikia sombe, leo amenisuka nywele. Kila Alhamisi nilikuwa nakata simu na kukuonea wivu ndani ya roho.”

Nikalia mbele za watu, kilio changu cha kwanza cha kweli tangu mazishi.

Siku hizi, Alhamisi, mimi ndiye ninayempigia kumwuliza kama ile saa bado inachelewa. Na watu nimeapa kutowasema tena. Lakini najijua, kwa hiyo kwanza nahakikisha simu imekatwa.