Viazi Vilivyopikwa Jana

Juzi mjukuu wangu, yule anayefanya kazi ya ofisi hapa Bukavu, aliniuliza: «Koko, hakuna namna ya kupika birayi haraka asubuhi? Mi kila siku natokaka mbio, tumbo bure.»

Nikacheka. Birayi ndivyo tunavyoviita viazi kwetu, na kwa viazi vya maganda alikuwa amefika kwa mwenyewe. Shule niliiacha mapema, lakini hapo hakuna profesa wa kunifundisha. Nikamwambia: asubuhi si wakati wa kupika viazi. Viazi vya asubuhi hupikwa jana. Nikamweleza yote, akaenda zake ameridhika. Mimi nikabaki kwenye kiti, moyo ukapanda peke yake mpaka Bagira, kwenye nyumba yetu ya zamani.

Ilikuwa zama za Zaire. Papa, baba yangu, alikuwa ameenda mkoa wa Shaba kutafuta kazi, na Shaba ikammeza. Tulibaki wawili, mama na mimi. Wakati huo viazi tulivimenya. Jioni mama aliketi juu ya kibao, mimi chini karibu na beseni, naye akinisimulia habari za soko la Kadutu: nani kamnyang'anya nani mteja, nani kavaa kikwembe cha kuazima halafu anatembea kama mke wa gavana. Kumenya viazi ni kazi ya watu wawili wasio na haraka. Ladha yake siikumbuki vizuri. Nakumbuka mdomo wa mama.

Kisha mama akaanza biashara ya mafuta ya mawese. Alipanda kamyo na mabidoni matupu mpaka Bunyakiri, akakaa huko hadi yajae, akarudi na vumbi mpaka kwenye kope. Mimi nilibaki na nyumba. Jioni mama jirani alichungulia juu ya ua kuona kama nimefunga mlango, basi. Baada ya hapo nilisikia panya tu. Nilimlilia mama asiende. Akanijibu huku anakaza kamba za mzigo, akiniita maman kama binti anavyobembelezwa kwetu: «Si mimi, maman. Makala na chakula njo vinanipeleka Bunyakiri.»

Rafiki yangu, neno lile nililichukua kama lilivyo. Nikajiambia: nikipunguza makala, yale makaa ya kupikia, nikipunguza chakula, mama atabaki.

Hapo ndipo akili yangu ilipoamka. Sokoni nilikwenda jua likishuka, wauzaji wakitaka kurudi kwao, nikachukua vile viazi vidogo vidogo ambavyo hakuna mtu anataka kuvimenya. Udongo niliusugua kwa kipande cha gunia, ganda nikaliacha. Maharagi yakikaribia kuiva, nilivipanga juu yake, nikafunika kwa jani la mgomba na kifuniko: moto mmoja, vyakula viwili. Vikiiva nilivitandaza juu ya lungo vipoe na kukauka, kwa maana kiazi kikifunikwa na jasho lake kinachacha. Kikiwa na ganda zima kinalala salama. Makaa yaliyobaki niliyazika ndani ya majivu.

Asubuhi, ukungu wa Bagira ukiwa umeingia mpaka chini ya blanketi, nilifukua makaa, nikatupa viazi humo. Ganda likianza kukunjamana na kunukia, nilikipiga kiazi ngumi moja, pu! Kinapasuka. Chumvi, tone la mawese, kwisha. Kingine nilikifunga kwenye kikwembe, kikanipasha tumbo njiani kwenda shule. Jumamosi za salongo, ile kazi ya lazima ya usafi, wenzangu wakifagia barabara na kupiga miayo ya njaa, mimi nilitafuna.

Mama jirani aliponiona na lungo langu, alicheka mpaka akashika ua. «Ee mutoto! Unapika sawa mujane!»

«Mama, mujane hana mutu wa kungojea,» nikamjibu. «Mimi niko na wangu.»

Aliuachia ua. Akarudi ndani kwake.

Siku mama aliporudi, sikumwacha hata avue viatu. Nilimvuta mkono mpaka kwenye gunia la makala. Lilikuwa bado limesimama lenyewe, limenona. Akatia mkono ndani, akatazama lungo, akaonja kiazi. Nilijua sasa atasema: basi, siendi tena.

Mama akapiga vigelegele. Akamwita jirani: «Kuya uone! Mutoto wangu iko maman kamili! Sasa naweza fika mpaka Hombo, kule mafuta iko mingi. Hata nikikawia, nyumba iko na mwenyewe!»

Hombo ni mbele ya Bunyakiri, mbali zaidi. Sikulia. Nilikuwa nimesifiwa mbele ya watu, na mtu aliyesifiwa atalia vipi? Nikaenda kuosha sufuria.

Akaenda Hombo. Akakawia kweli. Aliporudi alikuwa amechoka hata kusimulia. Aliketi akala viazi vyangu na maganda yake, macho yamefumba, mkono ukitafuta chumvi wenyewe. Niliketi mbele yake nikimtazama, nikingoja afungue macho, na kabla hajayafungua, kamyo ilikuwa inapiga honi tena barabarani.

Leo nyumba ile ya Bagira ina watu wengine. Mama yuko ardhini, mama jirani pia, na sauti za jioni zile hakuna aliyebaki wa kuzikumbuka pamoja nami. Watu husema: koko huyu anajua kubana matumizi. Ni kweli, najua, sitajifanya mdogo. Lakini kama ningekuwa mtoto wa kuunguza, wa kumaliza gunia mapema, wa kuacha viazi vibichi katikati, labda mama angenitazama akasema: huyu hawezi kuachwa.

Angeketi.