Adhiambo wa Masara, Kabla Hajawa Madam

Sauti ya Masara ilikuwa ya nyundo. Ilianza asubuhi umande ukiwa bado kwenye majani, wanawake wakiponda mawe yaliyotolewa kwenye mashimo ya dhahabu, na haikukoma mpaka jioni. Hata Jumapili kanisani niliendelea kuisikia masikioni. Vumbi la mawe lilikuwa jeupe, nalo lilikuwa na ladha, kama vile umelamba sufuria tupu. Tulifika huko mwanzoni mwa miaka ya tisini, mimi na mama, kutoka Kegonga, baada ya mahindi yetu kukauka misimu miwili mfululizo. Nilikuwa na miaka tisa. Mama alipata kazi ya kuponda mawe katika ua wa mwenye shimo mmoja, mtu mnene wa sauti ndogo. Aliyeketi kando yake alikuwa Adhiambo, mjane kijana kutoka kisiwa cha Mfangano. Mumewe alipokufa, shemeji zake walichukua mtumbwi na nyumba, wakamwachia karai. Yeye hakujua Kikuria na mama hakujua Kijaluo, basi walizungumza Kiswahili cha kuokoteza, wakicheka makosa yao wenyewe. Mimi nilimwita Anti. Kila Jumamosi alinisuka, nikiwa nimebanwa katikati ya magoti yake, na vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko vya mama.

Adhuhuri moja mwenye shimo alitoka akisema kipande chake cha dhahabu kimepotea. Aliwatazama wanawake mmoja baada ya mwingine, kisha akamnyooshea kidole Adhiambo. Sidhani alimshuku. Wengine walikuwa na waume au kaka ambao wangekuja kuuliza. Yeye hakuwa na mtu. Alifumuliwa nywele mbele yetu, akaambiwa avue blauzi, na wachimbaji waliokuwa wakila wakaacha kula ili watazame vizuri. Hakukuwa na kitu. "Basi, rudi kazini," mwenye shimo akasema, akaingia ndani. Mama alimfunika kwa leso yake. Adhiambo hakulia. Aliokota nyundo akaponda mpaka jua likazama, kisha akasema bila kutuangalia, "Mama Boke, siku moja hawa watu watasimama nikipita. Wewe ngoja tu."

Mwaka uliofuata mwenye shimo alimfanya msimamizi wa wanawake. Alikuwa na akili, alijua jiwe lenye dhahabu kwa kulipima mkononi, na nadhani mzee yule alikwisha kutambua kwamba mtu aliyewahi kudhalilishwa hivyo angefanya lolote asirudi pale chini. Sisi tulifurahi. Mama alipika kuku. Na kweli, miezi ya kwanza matusi yalipungua uani, na waliokuwa wakinyonyesha waliruhusiwa kupumzika. Kisha Adhiambo akanunua viatu vya kufunika vidole. Akaanza kukaa benchi la mbele kanisani, na tukipita karibu naye alikusanya gauni lake lisiguswe. Siku moja walikuja wageni kutoka mjini Migori, nami nikamkimbilia nikiita, "Anti! Anti!" Alinisukuma kwa kiganja. "Anti yako ni nani? Niite Madam, kama wenzako." Sikumwambia mama. Nilikaa nyuma ya choo nikijifumua nywele alizonisuka, msuko mmoja mmoja, na mtu mwingine hakunisuka kwa muda mrefu.

Kipande kingine kilipopotea, alisimama palepale aliposimamishwa yeye, na mwenye shimo akimtazama kutoka mlangoni. Tulikuwa wanawake kumi na kitu na watoto. Alimchagua mama. Nimelifikiria jambo hili kwa miaka mingi mpaka nimechoka nalo. Pengine alitaka kumwonyesha bosi wake kwamba hana rafiki. Pengine hakuweza kuvumilia kumwona kila siku mtu aliyemfunika.

"Fumua hizo nywele."

"Adhiambo, si ni mimi?" mama akasema.

"Adhiambo ni nani hapa?"

Alimfumua mwenyewe, haraka, bila kumuumiza, kwa vidole vile vile. Kisha akamwambia avue. Mama alivua. Hakukuwa na kitu. Kuna waliosimama wakamwamkia Madam alipopita. Mama alivaa polepole, akanishika mkono, tukaenda zetu Kegonga siku hiyo hiyo.

Ningependa kusema aliadhibiwa. Hakuadhibiwa. Alipata shimo lake, alizeeka akiheshimiwa, na alipokufa umati ulijaa barabarani. Niliposikia nilimwambia mama kwamba shetani ameondoka. Mama alikuwa akichambua maharagwe. "Usimwite hivyo," akasema. "Hukumjua alivyokuwa anacheka." Kisha akaendelea kuchambua.

Siku hizi ninafundisha Homa Bay, mimi ni naibu wa mwalimu mkuu, na nimengojea kupandishwa cheo kwa muda mrefu. Muhula uliopita simu ya mwalimu mmoja ilipotea. Aliletwa ofisini kwangu msichana anayetupikia, mgeni, yatima, na mwalimu mkuu akasimama nyuma yangu kuona nitafanya nini. Nilijisikia nikisema, kwa sauti tulivu kabisa, "Vua sweta." Alikuwa amefungua vifungo viwili nilipopata nguvu za kusema, "Acha. Rudi jikoni." Simu ilipatikana baadaye chini ya kiti cha gari la mwenyewe. Nilimwomba msichana msamaha, akajibu, "Hakuna shida, mwalimu," akiangalia sakafu. Bado ananiletea chai saa nne kila siku. Anaiweka ukingoni mwa meza, mbali na mkono wangu, na anatoka kabla sijasema asante.