Karafuu Katika Birika la Msikiti

Siku niliyokwenda kusubiri jibu la posa yangu nilivaa kanzu mpya iliyopigwa pasi, na mkononi nilikuwa na kijiko cha dawa. Zilikuwa siku za Mwingereza, nami nilikuwa bwana afya wa vijiji vya nje ya Chake Chake. Kazi yangu ilikuwa kutia dawa ya kuua vijidudu visimani na kwenye mabirika ya misikiti, yale matangi ya mawe ya maji ya kutawadhia, maana watu walikuwa wakiharisha sana. Wenyewe waliniita Bwana Dawa, na hawakuniita kwa mapenzi.

Kipimo changu kilikuwa kichupa cha kioo. Nachota maji, natia matone machache ya kupimia, nangoja. Yakigeuka manjano hafifu, mambo sawa. Yakiwa rangi ya chungwa, dawa imezidi. Shehe, imamu wa mmoja wa misikiti hiyo, alikuwa na kipimo chake pia: pua. Maji ya udhu hayatakiwi kugeuka rangi, ladha wala harufu, na alikwishanionya kwamba siku birika lake litakaponuka, atanifukuza mimi na kijiko changu. Huyo huyo ndiye baba wa msichana niliyemposa. Jibu aliniahidi baada ya swala ya Ijumaa.

Asubuhi ya Ijumaa hiyo msichana mwenyewe alikuwa uani kwao, ubavuni mwa msikiti, akigeuza karafuu juani. Mimi nahesabu vijiko, jicho liko uani. Nilipokuja kupima, kichupa kikawa chungwa lililoiva.

Tiba yake niliijua: kumwaga nusu ya birika na kuteka maji mapya kisimani, ndoo kwa ndoo. Na kanzu mpya? Thubutu!

Nikaenda uani nimeshika shavu.

"Hodi, bibie. Jino laniua. Nipatie karafuu."

"Jino gani?"

"La nyuma."

"Jana si ulikuwa watafuna muwa hapo barazani?"

Hata hivyo alinifungia konzi nzima katika kipande cha kanga kuukuu. Nikaziponda kwa jiwe, nikafunga tena, nikakitumbukiza kifurushi birikani. Ilipokaribia adhuhuri, harufu ya dawa sikuisikia tena. Nikajiona fundi kwelikweli.

Shehe alikuja wa kwanza kutawadha. Akachota, akanusa, akasimama.

"Nani kapika pilau humu?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Maji yaliyogeuzwa na karafuu nayo hayafai kwa udhu, na hilo nililisoma chuo cha Kurani tangu mdogo. Mapenzi yalikuwa yamenisahaulisha. Shehe akakunja mkono wa kanzu, akapapasa chini ya birika, akakitoa kifurushi. Akakitazama kile kitambaa. Kanga ile aliinunua mwenyewe. Niliogopa, wala si kwa ajili ya kazi. Niliona nimemkosa yule binti.

Shehe alikitia kifurushi mfukoni, akawaambia watu watawadhe kisimani, akapita kwake mara moja, akarudi kutuswalisha. Sikumbuki hata sura aliyosoma.

Baada ya swala aliniita kando.

"Jino lishapoa?"

"Lishapoa, Shehe."

"Mwanangu kanambia hukuwa na jino bovu, na kalijua hilo tangu mwanzo. N'kamuuliza, basi karafuu kampa za nini? Kanyamaza." Akakohoa kidogo. "N'kamuuliza na la posa. Kanyamaza vilevile."

Mwari akinyamaza ndiyo kakubali, nani asiyejua? Nikataka kumbusu mkono. Akaurudisha nyuma, akanipa ndoo.

"Limwage lote, ulijaze. Ukimaliza uje ule."

Niliteka maji mpaka alasiri, kanzu imeroa hadi kifuani, na nyuma ya ukuta wa ua nasikia mtu anajizuia kucheka.

Hata leo mke wangu akipika pilau hutia karafuu moja tu. Nikiuliza, hujibu kwamba nyengine nilizimaliza birikani.