Sura ya Kaka Yangu Ilikuwa Marabo

Mutoto wa kaka yangu anachora kitabu. Si kitabu cha maneno tupu kama cha shule. Ni kile ambacho vijana hapa Bunia wanaita bédé: picha ndani ya vyumba vidogo vya mistari, na maneno ya watu yanatoka kinywani kama moshi. Anachora familia yetu, na muji wa dhahabu tulikozaliwa, na baba yake aliyebaki chini ya udongo. Yeye hakumuona baba yake. Alikuwa bado tumboni siku ile. Mama yake aliolewa tena upande wa Kpandroma, akatuachia mutoto, na miye nikamulea. Sasa ni binti mukubwa. Kila siku ya Mungu, Jumapili, kisha misa, anakuja kwangu Nyakasanza na kalamu zake, anakaa barazani, anauliza. Miye ninasema, yeye anachora.

Miye shule nilifika mwaka wa ine, nikatoka. Ninasoma polepole, kidole juu ya herufi. Lakini kusema nani alifanya nini, hapo sihitaji shule.

Nilimueleza muji jinsi ulivyokuwa. Sosiete, ile kampuni ya dhahabu, ndiyo ilikuwa inatupa maji, dawa, bati la nyumba, mpaka mabuku ya watoto. Kisha mashini zilianza kunyamaza moja moja. Kwanza ile ya kupandisha mawe, kisha ile ya kuyasaga. Wakubwa waliotoka mbali waliondoka na gari za mwisho, wakasema wanaenda kutafuta pesa ya mishahara. Hawakurudi. Tuliobaki tukaanza kula muji wenyewe. Matandiko ya hospitali yalienda, milango ya ofisi ikaenda, reli zikang'olewa. Wanaume waliokuwa wanashuka mugodini na kofia ya chuma wakashuka tena katika shimo zile zile, na toshi imefungwa kichwani kwa mupira wa baiskeli.

Pompe moja tu ilibaki, ile ya kuvuta maji ya chini. Funguo za nyumba ya pompe alikuwa nazo mujomba wangu, ndugu ya mama yangu, aliyekuwa kapita, musimamizi wa kazi, wakati wa sosiete.

Basi ninawataja. Wa kwanza ni mukurugenzi wa sosiete, aliyetuambia tungoje mishahara. Wa pili ni mufanyabiashara aliyekuja na kamyo, gari kubwa ya mizigo, kununua vyuma, hakuuliza vimetoka wapi. Wa tatu ni mujomba wangu. Majina yao sisemi, kwa sababu wana watoto, na watoto hawakuuza kitu. Lakini wenyewe wanajijua.

Mujomba aliuza pompe na hakuambia watu walioko chini. Siku ya tatu, muchana, miye nilikuwa mulangoni mwa mugodi pamoja na wanamuke wengine, tunatwanga mawe. Kwanza ulitoka upepo. Ukatupiga na unga wa mawe machoni, tukacheka, tukafuta macho. Halafu tukasikia maji. Watu wawili walitoka wakitambaa. Kaka yangu hakutoka.

Kwetu, mutu akipotea bila mwili, wanakata shina la ndizi, wanalifunga katika shuka, wanalizika mahali pake. Tulizika shina. Mama yangu alilishika mukononi njia yote kama mutu mugonjwa. Na mbele watu hawajakunja mikeka ya kilio, familia inakaa, mukubwa mumoja anasimama na kutangaza marehemu alikufa na nini. Hilo neno likisha kusemwa, limesemwa, ndilo watoto watashika. Aliyesimama alikuwa mujomba. Alisema pompe ilikuwa imeharibika tangu zamani, na kijana alishuka bila ruhusa, kwa sababu ya kichwa kigumu. Wazee wakasema ndiyo. Mama alikuwa anatazama dada zake waliokaa karibu naye. Miye nilisimama kusema, wakanikalisha, wakaniambia mutoto mwanamuke haongei hapo.

Kisha vita ilikuja, tukakimbia, nyumba ikaungua na picha zote ndani.

Hii ndiyo shida ya bédé. Binti alikwisha chora muji, kamyo, mugodi, kilio. Kila mutu alikuwa na sura isipokuwa baba yake. Pahali pa kichwa aliacha yai jeupe. Nilijaribu kumusaidia. Nikasema pua yake ilikuwa hivi, macho hivi. Alichora, akafuta, akachora. Tulimupelekea koko yake, ndiye mama yangu, anaishi nyuma ya nyumba yangu na magoti hayamubebi tena. Alivaa miwani, akatazama.

"Huyu ni pasta wa Kampala," alisema. "Anakuja kuomba sadaka."

Binti alicheka, lakini niliona macho yake. Wiki ingine alileta sura ingine. Mama akasema huyo anafanana na muchezaji wa mupira. Wiki ya tatu hakufanya mzaha. Aliweka karatasi kwenye magoti, akaniambia miye, si binti:

"Munajisumbua bure. Mutoto wangu alifanana na ndugu yangu, tone kwa tone. Wakati mutoto alikuwa kijana, hata miye nilikuwa ninachanganya migongo yao. Sura yake iko Marabo. Mupeleke huyu binti."

Marabo ndiko mujomba alijenga kisha vita. Analima maharagwe, anasoma Biblia mbele ya watu kanisani. Tangu siku ya mikeka sikukanyaga uwanja wake, hata ndoa za watoto wake sikuenda. Nilimujibu mama kwamba kama ni hivyo, kitabu kibaki na yai. Nikaingia jikoni.

Siku za Mungu mbili zilipita. Ya tatu binti alinifuata jikoni na karatasi zote, akazipanga chini, moja moja, mpaka mulangoni. Kila pahali baba yake alikuwa anakula, anacheka, anashuka mugodini, bila sura.

"Shangazi," alisema, "miye ninaishi na huyu mutu hivi hivi tangu nizaliwe. Weye ulimuona. Miye hapana."

Tulienda. Tulipanda pikipiki mbili asubuhi, vumbi likatufuata mpaka Marabo.

Mujomba alikuwa ameketi nyuma ya nyumba yake, kwenye kivuli, anachagua maharagwe katika lungo. Amekuwa muzee, jicho moja limeingia ukungu. Alinitambua mbele sijasema.

"Mupwa wangu. Umechelewa kuja kusalimia."

Nilimuambia sikuja kusalimia. Binti akaeleza kazi yake kwa heshima, jinsi nilivyomufundisha, ingawa siku ile nilitamani nisingemufundisha. Muzee alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama avae koti ya kanisa. Binti akasema shati inatosha.

Alianza kuchora. Sikujua kwamba kazi itakuwa yangu pia. Binti hawezi kujua kijana alikuwaje ndani ya muzee. Miye ndiye nilijua. Kila mara alinigeukia: hapa, shangazi? Kwa hiyo ilinipasa kumutazama yule mutu, usoni, karibu, muda murefu kuliko nilivyowahi kumutazama mutu yeyote. Nikasema mashavu yajae. Nikasema masikio yakae nyuma kidogo. Nikasema mudomo wa chini ni huo huo, usiuguse. Na kaka yangu akaanza kutoka kwenye karatasi. Kwanza nyusi. Halafu ile namna ya kukunja midomo kama mutu anayezuia kicheko. Nilishika nguzo ya nyumba.

Ndipo nilisema. Sikuwa nimepanga.

"Mujomba, ambia huyu mutoto pompe ilienda wapi."

Alichukua haragwe moja bovu, akalitupa kwa kuku.

"Ilipita mupaka. Uganda."

"Nani aliitoa?"

Nilizani ataongea juu ya shida, juu ya njaa, juu ya sosiete, kama wote wanavyoongea.

"Miye ndiye niliuza pompe," alisema. "Nilizani maji itajaa polepole. Nilizani watapata muda ya kutoka."

Binti hakusimamisha kalamu. Nilimuuliza muzee, siku ile ya mikeka, alisema nini mbele ya dada yake, mama yangu. Aliomba kuona karatasi. Aliisogeza karibu na jicho lake zima, akakaa nayo.

"Huyu si miye," alisema.

"Hapana, koko," binti akamujibu. "Ni baba."

Muzee aliirudisha kwa mikono miwili.

Nilirudi Bunia nikizani mambo imekwisha. Kumbe haikwisha. Siku ya Mungu iliyofuata binti alikuja na karatasi, na kaka yangu alikuwa amejaa kila pahali, anakula na sura, anacheka na sura. Nililia, sitaficha. Kisha nikafika kwenye picha ya mujomba, kapita, na kamyo ya vyuma. Kapita alikuwa amechorwa kwa nyuma. Mugongo na funguo tu. Niliwaka moto. Nilisema huyu ndiye nilitaka dunia imuone, kwa hii sababu nilikubali kuongea miezi yote hii, sasa umemuficha? Unamuonea haya kwa sababu unamuita koko?

Aliningoja nimalize.

"Sura iko moja, shangazi. Nikimutia kapita sura yake, mutu akisoma atazani baba ndiye aliuza pompe. Nitaipa nani? Sema weye."

Nikamuambia amutie sharubu, amutie uzee, yeye ndiye fundi. Alijaribu pale pale. Akatia sharubu nene na makunyanzi kwenye paji. Tukamupelekea mama bila kumuambia kitu.

Mama alitazama. Akapitisha kidole juu ya uso wa kapita, taratibu.

"Mbona munamuvalisha mutoto wangu sharubu?" aliuliza. "Hakufika hata umri wa kuziotesha."

Nilienda nje, nikachota maji ambayo sikuyahitaji. Miaka yote hii nilikuwa ninajiambia siku moja watu watamuonyesha mujomba kidole njiani. Niliporudi nilimuambia binti afute. Kapita abaki na mugongo. Lakini juu ya mugongo ule atie moshi wa maneno, na ndani yake aandike yale muzee alisema Marabo, bila kuongeza, bila kupunguza. Aliandika kwa herufi kubwa ili miye pia niweze kuisoma.

Mama akauliza hapo kumeandikwa nini. Sikuwa nimemuambia yale muzee alikubali Marabo. Ni ndugu yake wa tumbo moja, na miguu ya mama imeisha, nani atamubeba kwenda kumuuliza? Binti alinitazama. Nilivuta kiti, nikakaa karibu na mama, nikaweka kidole chini ya herufi ya kwanza.

"Miye ndiye niliuza pompe. Nilizani maji itajaa polepole. Nilizani watapata muda ya kutoka."

Mama alivua miwani, akaifuta na kitambaa cha kikwembe chake, akaivaa tena.

"Soma tena," alisema.

Nikasoma tena.