Chumba cha Raundi ya Saba

Chumba kile nilikichora mimi, na hakikuwapo. Nimeshalisema hili mbele ya watu mara moja, kwa mdomo. Safari hii naliandika.

Nilikuwa msichana aliyemaliza kidato cha nne, nikingoja matokeo. Nyumbani nilikuwa mzigo kwa kila mtu, kwa sababu nilikuwa nikipanga upya vyombo vya mama na kufua tena nguo zilizokwisha kufuliwa. Mchana nikawa nashinda mjini Keroka, nyuma ya duka la mzee mmoja Mhindi aliyeuza vitambaa na sare za shule. Huko nyuma, katikati ya majora ya vitambaa, aliweka televisheni na mashine ya gemu inayotumia kaseti. Kaseti ilikuwa moja. Ndani yake kulikuwa na mtu mdogo mwenye mfuko wa barua, tukimwita Tarishi, aliyepanda mnara kwa kuruka kutoka ubao hadi ubao. Raundi zilikuwa saba, na mchezaji alipewa roho tatu; kila ukianguka unapoteza moja. Ukimaliza roho unarudi chini kabisa.

Mikono yangu haikuwa myepesi. Nilichoweza ni kuchora. Nilijifunza mwenyewe, kwa kunakili atlasi ya shule mpaka mito yangu ikafanana na mito ya kitabu. Kwa hiyo nilianza kuchora ramani ya ule mnara kwenye daftari la miraba, raundi moja kwa kila ukurasa. Penseli niliichonga kwa wembe, na mstari ukipinda nilianza ukurasa upya. Daftari lilikaa kaunta, na mtu aliyekwama aliuliza, "Ramani inasemaje?" Sijawahi kupewa heshima kubwa kuliko swali hilo.

Ukurasa wa saba ulikuwa na mraba mmoja mtupu, kando ya tangi la maji. Hakuna aliyejua nyuma ya ukuta ule kuna nini. Miraba mingine yote ilikuwa imejaa, huo mmoja ukanikera kama punje ya mahindi iliyokwama kwenye jino. Ikawa Ijumaa, jua linateremka. Sisi ni Wasabato, na jua likishazama kazi zote zinawekwa chini mpaka kesho yake jioni. Sikuweza kuingia Sabato na ukurasa usiokamilika. Nikachora chumba, na ndani yake kisanduku kidogo. Nikaliacha daftari kaunta, nikakimbilia nyumbani nikijiambia nitakifuta Jumapili.

Jumapili alasiri nilipofika, chumba kilikuwa kimeshakuwa maarufu.

Lazima nieleze jinsi tulivyogawana ile mashine. Jumamosi ilikuwa ya Wakatoliki, kwa kuwa sisi tulikuwa kanisani. Jumapili asubuhi ilikuwa yetu, kwa kuwa wao walikuwa misa. Tulikutana wote Jumapili alasiri tu. Wakatoliki walipokiona chumba kwenye ramani, walidhani Wasabato wamekipata asubuhi fulani ya Jumapili. Wasabato wakasikia Wakatoliki wakikizungumza kwa uhakika, wakadhani kimepatikana Jumamosi. Kila upande uliona aibu kuuliza njia ya kuingia. Na mimi nilikaa kimya, wiki baada ya wiki, kwa sababu ramani yangu ilikuwa ikisifiwa.

Kisha mpwa wa mzee akaja kutoka Kisumu na kaseti mpya. Ilikuwa gemu lile lile, limetolewa upya na waliolitengeneza. Tarishi alikuwa na kofia, mawingu yalitembea nyuma ya mnara, na muziki ulikuwa umejaa. Ukianguka, uliendelea pale pale ulipoangukia. Mpwa alimruhusu mzee kukaa nazo zote mbili wiki moja, kisha moja iende Kisumu. Mzee akatuambia tuchague sisi, kwa kuwa yeye alikuwa hachezi.

Jumapili ile nyuma ya duka palijaa. Upande wa kaseti ya zamani ulisimamiwa na kijana mchuma chai wa upande wa Ikonge, Mkatoliki, aliyekuwa akija wikendi kwa dada yake. Hakukuwa na mikono kama yake. Upande wa mpya ulikuwa na binamu yangu, mwanafunzi wa chuo cha ualimu, aliyependa kubishana kuliko kula.

"Mtu anaanguka, halafu anaendelea pale pale," mchuma chai alisema. "Hiyo ni gemu ama ni kitanda?"

"Wewe unataka watu warudi chini ili wakuone ukipanda," binamu akajibu.

"Si wanione. Wajifunze. Kwenye kituo chetu cha chai ukipeleka majani magumu yanarudishwa. Karani hakwambii endelea pale pale."

"Na hizo picha za kaseti yenu zinazorukaruka? Tarishi akikutana na ndege wawili, mguu mmoja unapotea."

"Mimi nishazoea yeye na mguu moja."

Watu walicheka, hata mzee. Mimi nilikuwa wa kaseti ya zamani, tena bila wasiwasi: kuruka kwake kulikuwa na urefu mmoja, unaoweza kupimwa na kuchorwa, ilhali Tarishi mpya aliweza kugeuka hewani kama apendavyo. Nilikuwa karibu kusema hivyo, mchuma chai akaliinua daftari langu.

"Wacha mawingu. Nimecheza mpya mpaka juu. Chumba cha tangi hakuna. Wamekitoa. Mtu anatoa chumba kwa nyumba ya watu, halafu anakuuzia nyumba?"

Niliona kwenye nyuso kwamba hoja hiyo imeshinda. Binamu yangu mwenyewe alikuna kichwa.

"Hapo umenishika," alisema. "Kama walikitoa, walikosea."

Mzee akageukia mimi. "Wewe wa ramani. Kweli hii?"

Ningeitikia kwa kichwa tu, kaseti niliyoipenda ingebaki, na ramani yangu ingebaki bila doa. Lakini nilikuwa nimefuta kurasa nzima kwa sababu ya mstari uliopinda unene wa unywele. Singeweza kuacha duka zima liamue kwa mraba wa uongo.

"Hakuna chumba," nilisema. "Niliona mraba mtupu nikaujaza. Ilikuwa Ijumaa, jua linazama."

"Yaya," mchuma chai alisema kwa Kigusii, yaani hapana. "Dada, kipo. Wasabato walikiingia."

"Sisi?" binamu akashangaa. "Si ni nyinyi, Jumamosi?"

Wakatazamana. Mmoja wa nyuma akasema, "Kumbe chumba kilijengwa watu wakiwa kwenye sala," na kicheko kikazunguka duka lote. Masikio yangu yaliwaka, lakini nilibaki nimesimama.

Mchuma chai hakucheka. Aliweka kaseti ya zamani, akapanda raundi zote saba bila kupoteza hata roho moja, jambo ambalo hatukuwahi kuliona. Alipofika kwenye tangi akamgeuza Tarishi aukabili ukuta, akamrusha. Ukuta ukamrudisha. Akamrusha tena, akiwa ameinama karibu na kioo. Nami niliyejua ukweli nilijikuta nimekunja ngumi, nikitamani ufunguke.

"Mzee," alisema hatimaye, akiweka padi ya kuchezea chini, "amesema kweli."

Mikono ikainuliwa kupiga kura. Wangu uliinuliwa kwa kaseti ya zamani, na tukashindwa. Binamu hakunisimanga. Njiani alisema tu kwamba ningenyamaza ningepata nilichotaka. Nikamwambia nilikuwa nimenyamaza wiki nyingi na sikukipata.

Lakini kabla hatujaondoka, mzee akiwa anaifunga kaseti kwa gazeti iende Kisumu, mchuma chai alinijia na daftari.

"Nipe hiyo karatasi ya saba."

"Ina uongo."

"Najua. Kaseti inaenda. Nipe tu."

Sikuwa nimewahi kuchana ukurasa wa daftari lolote maishani mwangu. Nikaushika pembeni na kuvuta polepole, kwa uangalifu wote niliokuwa nao, na bado ukachanika kombo, ukaacha kipande cha mnara kwenye uzi wa daftari. Niliutazama ule ukingo. Kisha nikampa, akaukunja mara mbili, akautia mfukoni mwa shati.