Mke Wangu na Sanduku la Mazingaombwe

Siku yangu ya kwanza kazini niliigiza maiti. Ilikuwa kwenye uwanja wa shule ya msingi mjini Shinyanga, na mimi, mwoga tangu utotoni, nilitetemeka chini ya shuka mpaka watoto wakaanza kucheka. Mkurugenzi wa kikundi chetu cha maigizo, mzee mkali aliyevaa tai hata juani, aliniita pembeni. "Maiti gani anatetemeka? Kesho utakuwa mgonjwa wa malaria." Nikawa mgonjwa, nikasifiwa.

Baadaye alinifundisha mazingaombwe. Ninyi vijana mnaotazama video kwenye simu mnadhani siri ni wepesi wa vidole. Siri ni kile tulichokiita kuvuta macho: mkono wa kulia unapeperusha kitambaa, watu wanaufuata, wa kushoto unafanya kazi. Chombo chetu kikubwa kilikuwa sanduku lenye migongo miwili ya mbao. Mtu akiingia anajibana kati ya mbao hizo, na watazamaji wanaona sanduku tupu. Aliyekuwa akipotea humo ni Kabula, mwigizaji mwenzangu, ambaye baadaye nilimwoa.

"Siri ya sanduku ndiyo ugali wenu," Mkurugenzi alituambia. "Msiifungue hata kwa mama mzazi."

Tulizunguka nalo Kahama, Buzwagi, na Nkome kwa wavuvi, ambako lilinuka dagaa siku nyingi. Kila mahali hofu yangu ilikuwa ileile. Watu hucheka uwanjani, lakini wakifika nyumbani hujiuliza.

Kwenye machimbo ya Segese walijiuliza. Asubuhi baada ya onyesho, wachimbaji walitufuata nyumba ya wageni. Duara lao, yaani shimo la dhahabu, lilikuwa limepoteza mwamba wenye dhahabu. Waliteremka wakakuta mawe matupu. Dhahabu huisha hivyo bila kumuaga mtu, lakini jana yake walikuwa wamemwona Kabula akipotea. Aliyewaongoza ni Masanja, kijana mwembamba mwenye sauti kubwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Huyu mayu, huyu mama, atuambie ameuficha wapi mwamba wetu. Akisema, hatumgusi."

Wenzake walishika mawe. Kabula alinikamata shati kwa nyuma. Sikumkumbuka Mkurugenzi wala ugali wake. Nililiburuta sanduku nje, nikawaonyesha migongo yote miwili.

"Hiyo ni dawa ya kuficha dawa," mmoja akasema.

 Nilikuwa nimetoa ukweli wote niliokuwa nao, na haukutosha.

"Basi ingia wewe," nikamwambia Masanja. Nikamweleza namna ya kujibana, nikafunga, nikafungua. Tupu. Kicheko chake kilipotokea ndani ya mbao, wenzake walirudi nyuma. Akatoka akicheka, akakuta wanamtazama kama walivyomtazama mke wangu. Kicheko kikamkauka.

"Waingie wote," Kabula akasema.

"Ndiyo, wote!" Masanja akadakia. "Habaki mtu!"

Akawaingiza mmoja mmoja. Kila aliyetoka aliweka jiwe chini ili amfungie mwenzake mlango. Kufikia mchana wote walikuwa wamepotea na kurudi, na hapakuwa na wa kumnyooshea mwingine kidole. Wakaondoka.

Habari zilipomfikia mjini, Mkurugenzi alinipigia simu. "Umeua kazi."

"Ndiyo, mzee."

Na kweli niliiua. Nikarudi kuigiza wagonjwa mpaka nikastaafu.

Sasa tunaishi Shinyanga, na hofu haijastaafu. Kabula amezeeka, moshi wa kuni umemtia wekundu machoni, na huku kwetu wapo mabibi waliouawa kwa kudhaniwa wachawi, kisa macho mekundu tu. Juzi ng'ombe wa jirani yetu, Mama Shija, alikufa ghafla. Nikamwona mama huyo anamtazama mke wangu usoni, halafu asimsalimie.

Nilimkaribisha chai. Nikamketisha jikoni, karibu na mafiga, nikaongeza kuni mbichi.

"Mayu wane, mama yangu, moshi huu!" akalalamika. "Unawezaje kila siku?"

"Nimezoea," Kabula akamjibu, akimmiminia kikombe cha pili.

Mama Shija aliondoka jua likiwa bado kali. Nilimsindikiza hadi barabarani, ambako watu walikuwa wanapita, naye akasalimiana nao mmoja mmoja, nao wakamtazama macho yake, mekundu kuliko ya mke wangu.